Scofield alirudi kutoka kaburini, na bado tunaubeza: tuujadili msimu wa 5 wa Prison Break

Mwana wa Chumbageni (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Jumamosi mdogo wangu wa mwisho, ambaye mwaka 2005 alikuwa hajazaliwa, kanikuta sebuleni namtazama Scofield akivua shati. Akauliza, "Kaka, huyu mbona kachorwa ramani mwilini?" Nikamkalisha, tukaanza mwanzo. Wiki tatu hizi tumekesha naye. Juzi tumemaliza wa 4, nikamwambia twende wa 5, akakataa. Wenzake shuleni wamemwambia ule "waliulazimisha", apige chini, ahesabu Michael kafa.

Maneno hayo nayasikia tangu 2017 na yananiuma. Mimi naamini msimu wa 5 haujatendewa haki, na aliyeubeza ama aliutazama huku anachati, ama aliutazama akitafuta kitu ambacho wenyewe haukukusudia kutupa. Nitaandika mengi, na ambaye hajaumaliza ajue nitamharibia uhondo.

Kwa wageni, haraka haraka. Tamthilia ya Prison Break ilianza kurushwa na Fox ya Marekani tarehe 29 Agosti 2005. Lincoln Burrows anasubiri kiti cha umeme kwa mauaji asiyoyafanya. Mdogo wake Michael Scofield, mhandisi wa majengo, anavamia benki makusudi ili afungwe Fox River aliko kaka yake, na ramani ya gereza kaificha ndani ya michoro ya ngozini. Misimu 4, sehemu 81, ikafungwa 2009.

Na ikafungwa kwa msiba. Sehemu ya mwisho ilituonyesha kaburi, kisha ikaja The Final Break kutueleza lilivyochimbwa. Sara, mke wa Michael, ana mimba, yuko gereza la wanawake, kuna watu wanataka afie mle ndani. Michael anamtoa mpaka mlango wa mwisho, na mlango ule haufunguki bila mtu kushika nyaya za umeme na kuziunganisha. Akaziunganisha.

Mimi niliiona kwa shemeji yangu, tivii ya inchi 14, DVD moja imesheheni msimu mzima. Ikakwama palepale, mkono wa Michael uko hewani unaelekea kwenye nyaya. Shemeji akaitoa, akaifuta kwa pindo la fulana, akaipulizia, akairudisha. Ikakwama tena palepale. Mara tatu. Kwa hiyo mimi kabla sijaona kifo chenyewe, nilikuwa nimeutazama ule mkono karibu robo saa. Nilishajua anafanya nini na sikuweza kumzuia. Sijawahi kuusahau.

Sasa ifikirieni tarehe 4 Aprili 2017. Miaka minane imepita, wanarudi na sehemu 9. T-Bag, mfungwa mwenzao wa zamani, anatoka Fox River na bahasha ina picha: Michael, hai, gerezani Yemen. Lincoln anakwenda makaburini, anafukua. Jeneza halina maiti.

Lincoln na C-Note, mwenzao mwingine wa Fox River, wanafika Sana'a, wanahonga, wanaletewa mfungwa. Lincoln anamtazama mdogo wake usoni. Naye anamwambia simjui mtu huyu, mimi naitwa Kaniel Outis. Anageuka, anarudi ndani.

Watu wengi wanaichukulia sehemu ile kama fumbo la kutuvuta tu. Mimi naiona ndiyo funguo ya msimu wote. "Outis" ni Kigiriki, maana yake "si mtu", "hakuna mtu". Ndilo jina alilojipa Odiseo, shujaa wa hadithi ya kale ya Wagiriki anayehangaika kurudi nyumbani, mbele ya lile jitu la jicho moja ndani ya pango. Alipolitoboa jicho, jitu likapiga kelele wenzake waje, wakauliza nani anakuumiza, likajibu, "Hakuna Mtu." Wakaenda zao.

Ukishalishika hilo, kila kitu kinakaa mahali pake. Gereza linaitwa Ogygia, na Ogygia ni kisiwa cha Kalipso alikozuiliwa Odiseo miaka 7. Michael naye amehesabiwa mfu miaka 7. Adui anaitwa Poseidon, mungu wa bahari aliyemzuia Odiseo asifike kwake. Sara anaishi mji wa Ithaca, jimbo la New York, na Ithaka ndiko kwao Odiseo. Penelope, mke wa Odiseo, alizungukwa na wanaume wanaotaka kumrithi. Sara kaolewa na Jacob, ambaye kumbe ndiye Poseidon mwenyewe. Telemako ni mtoto wa Odiseo aliyekua bila kumwona baba. Mike, mtoto wa Michael na Sara, naye hivyo hivyo. Hata yule mpiganaji anayewaandama katobolewa jicho. Mpaka majina ya sehemu zenyewe: ya 6 ni "Phaeacia", nchi ya mabaharia waliomrudisha Odiseo nyumbani, na ya 7 ni "Wine-Dark Sea", namna mashairi yale ya kale yanavyoiita bahari.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii, nipigwe nayo: misimu ya mwanzo ni hadithi ya kutoka, na huu wa 5 ni hadithi ya kurudi. Aliyeketi akisubiri Fox River ya pili lazima aliumia. Kutoka gerezani kumemalizika sehemu ya 4 tu. Safari iliyobaki yote ni mtu asiye na jina, asiye na kaburi, anayetafuta njia ya kwenda kwa mke na mtoto wake.

Karibuni.

Binti Mzizima

Kaka, nimekusoma mpaka mwisho na umeandika vizuri, ila mimi sikubaliani nawe.

Tatizo langu halina uhusiano na kutoka wala kurudi. Tatizo langu ni Sara. Mimi The Final Break niliitazama nikiwa na mimba ya mwanangu wa kwanza, na yule dada pale nje ya ukuta, anasikia king'ora, anajua nyuma yake kuna nini, na hawezi kurudi kwa sababu tumboni kuna mtu. Hiyo ndiyo ilikuwa bei. Mtu alitoa uhai wake ili wawili watoke. Sasa unakuja kuniambia alikuwa na mpango? Kwamba Poseidon alishamfuata kabla, wakapatana, akajifanya kafa? Basi mimi nililia kwa nini?

Halafu mnasema Penelope. Penelope alikataa wanaume wote. Sara wamemwoza kwa adui mwenyewe, akalala naye kitanda kimoja miaka, mtoto wake akamwita baba. Wakamfanya asijue chochote kwa muda mrefu. Mwanamke aliyekuwa daktari wa gereza, aliyeacha mlango wazi kwa hiari yake na kubeba matokeo yake yote, wanamrudisha kuwa mtu wa kudanganywa. Hilo silisamehi.

Mwana wa Chumbageni

Dada yangu, hapo kwa Sara umenishika. Sina jibu zuri na sitalitunga. Nililolipenda ni moja, kwamba alipoanza kumshuku Jacob alifuata ushahidi mwenyewe bila kusubiri kuambiwa na mwanamume yeyote. Lakini ni kweli walimpunguza.

Kwa kifo niruhusu nijitetee. Michael hakupatana na Poseidon kwa kupenda. Aliambiwa uhuru wenu wote, wako, wa kaka yako na wa mkeo, naweza kuufuta kesho, mrudi jela wote watatu. Akachagua wao wabaki huru na yeye afutike. Mimi nikaona bei bado ipo, ila imebadilika jina. Kufa ni mara moja. Kuishi miaka 7 unajua mwanao anatembea, anaongea, anamwita mwingine baba, na wewe huruhusiwi hata kupiga simu, hiyo nayo ni bei. Pengine kubwa zaidi.

Ila machozi yako ya 2009 hayakuwa bure. Wala yangu.

Mshihiri wa Kibokoni

Assalaam alaykum. Mimi ni wa Mombasa, babu yangu alitoka Shihr akaja kwa jahazi la kaskazi, kwa hiyo Yemen kwetu si jina la kwenye tivii. Mleta uzi umechambua Wagiriki wako ukawamaliza, lakini Wayemeni hukuwataja hata mstari mmoja, nao hadithi nzima iko kwao.

Kwanza ule si mji wa Sana'a. Walipiga picha Morocco, na nyingine Vancouver, Kanada. Hilo silaumu, vita vilikuwa vinawaka, nani angewaruhusu. Lakini anayeijua Sana'a hata kwa picha za ukutani anaijua kwa nyumba zake: ghorofa tano, sita, nyingine zaidi, matofali ya kuchomwa rangi ya hudhurungi, kila dirisha limezungushiwa chokaa nyeupe kama kashata iliyopambwa, na juu ya dirisha nusu duara la vioo vya rangi. Usiku taa zikiwashwa ndani, mtaa mzima unang'aa nyekundu, samawati na kijani. UNESCO iliuingiza mji mkongwe ule kwenye urithi wa dunia 1986. Katika sehemu zile zote sikuona hata dirisha moja la namna hiyo. Niliona vumbi, kuta za udongo na watu wanaopiga kelele.

Pili, wanatuambia Sana'a inazingirwa na ISIL, wale wapiganaji wanaojiita Dola ya Kiislamu. Sana'a ilikuwa mikononi mwa Wahouthi tangu Septemba 2014, na kuanzia Machi 2015 mabomu yaliyokuwa yakiiangukia ni ya ndege za muungano ulioongozwa na Saudia. Na wiki zile zile za Aprili na Mei 2017, Lincoln anakimbizana kwenye vichochoro vya kuigiza, kipindupindu kilikuwa kinaruka Yemen nzima. Mwaka haukwisha, waliokadiriwa kuugua wakavuka milioni. Sisi hapa Kibokoni tulikuwa tunachangishana baada ya sala ya Ijumaa. Watu wengine walishavuka Bab el Mandeb kwenda Djibouti kwa mashua.

Sasa nikirudi nyumbani jioni, kijana wangu kawasha Prison Break, na Yemen ni mahali pa kutoroka tu. Hakuna mtu anayetaka kubaki. Hakuna anayepika, anayeoa, anayemzika mzazi wake.

Mwana wa Chumbageni

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Nimekaa na maneno yako tangu jana usiku kabla ya kujibu.

Umesema kweli na nakubali nililiruka. Niliutazama msimu ule nikiwa na hamu ya Michael, macho yangu yakawa kwake tu. Hata mimi hapa Tanga nina majirani Washihiri, nimekula kwao Idi zote za utotoni, na haikunijia kuwauliza waliona nini. Ninachokibakiza ni watu wawili: Sheba, yule mwanamke wa Yemen anayewasaidia, ambaye tamthilia inamwacha awe na akili na ujasiri wake, na yule mhandisi wa umeme. Ila wawili ni wachache kwa nchi nzima.

Fundi Nguzo

Mmemtaja mhandisi wa umeme, siwezi kupita kimya, hiyo ndiyo kazi yangu, Mwanza.

Wakuu, Michael yuko shimoni, hana simu, hana ramani ya ngozini kama zamani. Anachotuma nje ni karatasi iliyokunjwa, na ujumbe wake ni mmoja: mtafuteni Sheikh wa Nuru. Lincoln anadhani ni kiongozi wa dini. Kumbe ni fundi! Mtu anayeendesha umeme wa Sana'a wakati kila mtu kakimbia. Mji unapigwa mabomu, yeye yuko kituoni anahakikisha taa zinawaka, na watu wamempa jina la heshima kwa kazi hiyo.

Mimi nimewahi kupanda nguzo saa nane usiku mvua inanyesha, mtaa mzima giza, na zahanati ya jirani ina mama anayejifungua kwa tochi ya simu. Umeme uliporudi nilisikia kelele za shangwe kutoka nyumba zote kwa pamoja, watu ambao hawajui niko juu yao. Kwa hiyo nilipoona tamthilia kubwa ya Marekani inamweka fundi umeme kuwa ndiye mwenye funguo za gereza, nilisimama. Kumbukeni pia Michael mwenyewe alikufa kwa umeme. Akafa kwa umeme, akatoka kwa umeme. Sijui kama waandishi walikusudia, mimi nimeliona.

Shela Pwani

Hamjambo nyote. Mimi wa Lamu. Nimesoma habari za Odiseo, nzuri sana, lakini nimekuwa nikisubiri mmoja wenu ataje mtu wetu na sijamwona.

Fumo Liyongo! Mfalme wa Pate kamtia gerezani, minyororo mikononi na miguuni, askari mlangoni, imepangwa auawe. Kijakazi Saada anamletea chakula kila siku, na askari wanakipokonya kilicho kizuri. Liyongo akamtuma kwa mama yake kwa shairi, askari wanasikia na hawaelewi: afanye mkate wa wishwa, ndani atie tupa. Mkate wa pumba askari wakaudharau, wakaupitisha. Alipoulizwa ana haja gani ya mwisho, akaomba ngoma ya gungu, kubwa, watu wote waje. Wakapiga matari na matasa na mavugo, na yeye ndani anakereza minyororo, sauti ya tupa imemezwa na ngoma yake mwenyewe. Watu wanaitikia nyimbo alizowatungia, hawajui wanamsaidia kutoroka.

Nambieni hiyo ina tofauti gani na Scofield. Ujumbe uliofichwa, kifaa ndani ya kitu kinachodharauliwa, kelele ya kufunika kelele. Bwana Muhammad Kijumwa aliuandika utenzi wake Lamu 1913, na hadithi yenyewe ni kongwe kuliko hapo kwa karne nyingi.

Na kuna jingine, nalileta kwa ajili ya dada wa Mzizima hapo juu. Liyongo hakuuawa na gereza. Aliuawa na mwanawe, aliyeahidiwa binti wa mfalme, kwa sindano ya shaba kitovuni, baba kalala. Kwa hiyo mimi nilipomwona Jacob anamlea Mike, anampa mafunzo yake, anamjaza mapenzi, moyo ulikuwa unanidunda. Nilikuwa nasema, mtoto huyu ndiye sindano. Niliutazama msimu mzima kwa hofu hiyo, na Mike alipochagua upande wa baba yake wa damu nilitoa pumzi niliyokuwa nimeizuia tangu sehemu ya kwanza.

Mwana wa Chumbageni

Mama/dada wa Lamu, shikamoo na asante. Utenzi ule tulifundishwa shuleni na sikuwahi kuziweka hadithi mbili hizi pamoja. Sasa siwezi tena kuzitenganisha.

Na umenifikisha kwenye baba na mwana, ambapo ndipo penye uzito kwangu kuliko pote. Tazameni T-Bag. Mtu tuliyemchukia misimu minne, na kwa haki, Robert Knepper aliifanya kazi ile mpaka ukisikia sauti yake unakunja uso. Anapewa mkono mpya wa bandia na mtu asiyemjua. Haelewi kwa nini. Mwishoni anagundua Whip, kijana aliyefungwa pamoja na Michael kule Yemen, ni mwanawe. Anamtazama. Hajui amsogelee vipi. Muda mfupi tu baada ya hapo kijana anapigwa risasi na kumfia mikononi. Ule mkono mpya anamshikilia nao mwanawe.

Na hapo ndipo dosari kubwa ilipo, Binti Mzizima, usidhani siioni. Sehemu 9! Fox River ilipewa sehemu 22, na ukuta wanauvuka ya 21. Tuliishi mle ndani. Tulihesabu naye siku za kusubiri parafujo moja isuguliwe, dawa ile ilitafune bomba kidogo kidogo. Walipofika mwisho wa shimo mara ya kwanza wakakuta bomba limebadilishwa, tulirudi nao selo tumekata tamaa kabisa. Ogygia hatukuijua hata inanuka vipi. Whip na baba yake wangepewa sehemu mbili tu za kuongea, hata ugomvi, watu wangekuwa wanaitaja mpaka leo.

Na bado, ile michoro ya mikono. Misimu ya mwanzo mwili wake ni jengo. Huku viganja vina macho, na migongo ya mikono ina mistari isiyo na maana mpaka aiweke pamoja mbele ya kamera ya kutambua sura, na kamera inaona uso wa Jacob. Miaka yote aliyokuwa "si mtu", alikuwa anaubeba uso wa aliyemwibia jina, mikononi, asimsahau.

Kijana wa Kigamboni

Wakuu samahani, mimi nimechelewa. Kuna msimu wa 6? Wengine wanasema upo.

Mwana wa Chumbageni

Mdogo wangu, hakuna. Novemba 2020 Wentworth Miller alitangaza kwamba hatarudi kuwa Michael. Alisema yeye ni shoga, hataki tena kuigiza wahusika wasio hivyo, hadithi zao zimeshasimuliwa sana. Dominic Purcell, Lincoln wetu, akamuunga mkono hadharani. Mimi nawaheshimu wote wawili. Juni 2016 wakipiga picha Morocco, chuma kilimwangukia Purcell kichwani, pua ikavunjika, akabebwa kwa helikopta, na akarudi kazini. Sehemu tunazozibeza mtu alizitolea damu.

Hulu, kampuni ya Marekani ya kurusha tamthilia mtandaoni, wao wamekuwa wakitengeneza nyingine mpya chini ya Elgin James, wahusika wapya, ndani ya dunia ile ile. Itazameni ikija, ila msimtafute Michael humo.

Binti Mzizima

Sijabadili msimamo kuhusu Sara. Ila jana nimeurudia baada ya miaka yote hii, kwa sababu yenu. Wanapokutana, anamgusa uso kwanza kwa vidole, kama mtu anayepima joto la mgonjwa. Sikuwa nimeliona hilo.

Mwana wa Chumbageni

Mdogo wangu kausoma uzi huu wote kwenye simu yangu, kimya kimya. Kaniuliza kashata ina uhusiano gani na nyumba, nikamwonyesha picha za Sana'a, akazitazama muda mrefu. Sasa hivi kaweka mkeka, anasema niache kuandika, tunaanza sehemu ya kwanza. Nimemwambia aangalie mikono.